Njaa Inayopita Ufukweni: Safari za Kutazama Nyangumi katika Majira ya Kuchipua

Pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, kuanzia rasi ya Baja California nchini Meksiko hadi Alaska, ina msimu wake wa boti. Kuanzia Machi hadi Mei, katika bandari za San Diego, Monterey, Depoe Bay na miji mingine ya California, Oregon na Washington, abiria hupanda vyombo wakiwa wamejifunika makoti mazito, hukaa baharini kwa saa mbili, tatu au nne, na kurudi na picha za mkia, za mgongo, au za ukungu wa pumzi uliosimama juu ya maji kwa sekunde chache. Kipindi hicho huitwa majira ya kuchipua, yaani miezi inayotenganisha baridi na joto katika nchi zilizo mbali na ikweta. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye kalenda yake ya bahari hufuata kaskazi, matlai, kusi na demani, hana msimu unaolingana nao moja kwa moja, lakini atauelewa upesi akielezwa kwamba huko nako mambo mengi huanza na upepo.

Biashara ya safari hizi huyatangaza majira hayo kama wakati wa neema, na kwa kiasi fulani haikosei, kwa sababu bahari ya pwani hiyo hustawi kweli katika miezi hiyo. Hata hivyo, swali la msingi ambalo matangazo hulipita ni lile la maana ya kuonekana kwa mnyama: je, nyangumi anapopita karibu na ufukwe kiasi cha kuhesabika kwa macho, jambo hilo linaeleza nini kuhusu hali yake na hali ya bahari anayoitegemea? Ukiuchunguza ushahidi wa miongo kadhaa, jibu linalojitokeza linashangaza kidogo, nalo ni kwamba mnyama anayeonekana kwa urahisi zaidi mara nyingi ni mnyama mwenye njaa, na kwamba miaka iliyowapendeza watazamaji imekuwa, mara zaidi ya moja, miaka mibaya kwa wanaotazamwa.

Mhusika mkuu wa msimu huo ni nyangumi wa kijivu, ambaye wanasayansi humwita Eschrichtius robustus. Mnyama huyu, mwenye urefu wa mita 12 hadi 15 na uzito unaoweza kufikia tani 30 au zaidi, husafiri kila mwaka kati ya wangwa za Baja California, anakozaa wakati wa baridi, na bahari za Bering na Chukchi karibu na Aktiki, anakokula wakati wa kiangazi. Mzunguko mzima wa kwenda na kurudi hufikia kilomita 16,000 hadi 20,000, na sehemu kubwa ya safari hiyo hufanyika bila chakula cha kutosha: nyangumi huweka akiba ya mafuta chini ya ngozi katika miezi michache ya kula kaskazini, kisha huishi kwa akiba hiyo akiwa anasafiri, akipandana, akizaa na kunyonyesha. Anapopita California akielekea kaskazini mwezi wa Aprili, amekwisha kukaa miezi mingi akichoma mafuta yake mwenyewe. Mama mwenye ndama ndiye aliyebanwa zaidi, kwa kuwa maziwa yake, ambayo karibu nusu yake ni mafuta, hutengenezwa kutokana na mwili usioingiza chochote.

Mpangilio wa safari hiyo ndio unaoyapa majira ya kuchipua umuhimu wa pekee. Wanaotangulia kuondoka kusini ni majike waliokwisha kupata mimba, ambao wana haraka ya kufika kwenye chakula; hufuatiwa na madume na vijana; na wa mwisho kabisa, mwezi wa Aprili na Mei, ni mama na ndama wao, ambao hupita wakiambaa pwani, pengine mita mia mbili tu kutoka kwenye mawe. Tofauti hiyo ya mwendo na ya umbali ndiyo inayomwezesha mtu aliyesimama juu ya mwamba, bila boti wala tiketi, kuona jozi ya mama na mtoto ikipita, jambo ambalo ni nadra kwa aina nyingine nyingi za nyangumi wakubwa.

Ishara za mnyama huyu zinastahili kuelezwa kwa ukaribu, kwa sababu wengi wanaopanda boti kwa mara ya kwanza hutazamia mrukaji wa kwenye mabango na badala yake huonyeshwa kitu kitulivu zaidi. Kinachoonekana kwanza ni pumzi: mvuke unaotoka kwenye matundu mawili ya pua juu ya kichwa, ambao ukitazamwa kutoka mbele au nyuma katika hali ya utulivu huchukua umbo la moyo. Hufuata mgongo wa kijivu wenye mabaka meupe, usio na pezi la juu bali nundu ndogo na safu ya vifundo kuelekea mkiani. Mabaka hayo kwa sehemu ni makovu na kwa sehemu ni chaza wadogo wang'ang'anizi waliojichimbia kwenye ngozi, na kati yao hutambaa chawa wa nyangumi, ambao kwa kweli ni jamii ya kaa na kamba wala si wadudu. Baada ya kupumua mara tatu hadi tano kwa vipindi vya nusu dakika au pungufu, nyangumi huinua mkia na kuzama kwa dakika tatu hadi tano. Juu ya maji hubaki duara laini, kama mafuta yaliyomwagika, lililotokana na msukumo wa mkia chini, na nahodha mzoefu huyafuata maduara hayo kama mwindaji afuatavyo nyayo, akikadiria mahali ambapo pumzi inayofuata itatokea.

Namna yake ya kula nayo ni ya pekee miongoni mwa nyangumi wakubwa. Kama wenzake wa kundi la nyangumi wasio na meno, ana baleni, yaani sahani ngumu za kitu kama ukucha zinazoning'inia kutoka taya la juu na kufanya kazi ya chujio. Lakini wakati wenzake huchuja viumbe wanaoelea, yeye hulala ubavu, mara nyingi wa kulia, akafyonza matope ya sakafu ya bahari, kisha akayasukuma nje kupitia baleni na kubakiza amfipodi, ambao ni viumbe wadogo wa gamba wanaofanana na kamba. Kutokana na tabia hiyo, mnyama huyu hutegemea sakafu ya bahari isiyo na kina kirefu, na hutegemea pia barafu ya Aktiki kwa njia isiyo dhahiri, kwa kuwa mwani unaoota chini ya barafu huanguka majira ya kuyeyuka na kuwalisha amfipodi hao. Uhusiano huo kati ya barafu ya mbali na mgongo unaoonekana Monterey ndio kiini cha habari itakayoelezwa mbele.

Historia ya watu kumfuata mnyama huyu ilianza kwa chusa. Katika majira ya baridi ya 1857 na 1858 nahodha Charles Melville Scammon aliingia katika wangwa wa Ojo de Liebre huko Baja California, ambao baadaye uliitwa kwa jina lake, na kuwakuta majike waliokuwa wakizaa katika maji yenye kina kidogo, mahali ambapo hawakuwa na pa kukimbilia. Wawindaji waliofuata waliwamaliza kwa kasi, na kwa kuwa mama aliyetenganishwa na ndama wake aliweza kuvunja mashua kwa mkia, walimpachika jina la samaki wa shetani. Scammon mwenyewe, ambaye mwaka 1874 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mamalia wa bahari wa pwani hiyo, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kwa makini maisha ya mnyama aliyekuwa akimuua. Uwindaji wa kibiashara ulirudi mwanzoni mwa karne ya 20 kwa meli za viwanda, na ulinzi wa kimataifa ulianza tu mwaka 1937, kisha ukaimarishwa na mkataba wa 1946.

Kutazama kwa ajili ya kutazama kulianzia San Diego. Mwaka 1950 eneo la kumbukumbu la Cabrillo lilifungua mahali pa umma pa kuangalia nyangumi, nalo likapata wageni wapatao 10,000 katika mwaka wake wa kwanza. Miaka mitano baadaye, mwaka 1955, mvuvi mmoja wa hapo alianza kuwachukua watu kwa boti kwa nauli ya dola moja. Shughuli hiyo ilisambaa polepole kwa miaka ishirini, kisha ikashika kasi katika miaka ya 1970, wakati ambapo Marekani ilipitisha sheria ya kulinda mamalia wa bahari ya mwaka 1972 na nyangumi akawa alama ya harakati za mazingira. Kufikia mwaka 2008, kwa hesabu ya shirika la kutetea wanyama la IFAW, watu milioni 13 katika nchi na maeneo 119 walikuwa wakitazama nyangumi na pomboo kwa mwaka, na matumizi yao yalifikia dola bilioni 2.1. Tarakimu hizo hunukuliwa sana kuthibitisha kwamba nyangumi hai ana thamani kuliko aliyekufa. Hoja hiyo ni sahihi, ila imewazoesha watu kuipima hali ya nyangumi kwa wingi wa tiketi.

Wangwa za Meksiko zina kisa kingine ambacho hakijapata maelezo yanayokubaliwa na wote. Mwaka 1972, katika wangwa wa San Ignacio, mvuvi Francisco Mayoral, aliyejulikana zaidi kwa jina la Pachico, alijikuta akifuatwa na nyangumi aliyeikaribia mashua yake na kukaa hapo, naye akanyoosha mkono akamgusa. Tangu hapo tabia hiyo imeendelea kizazi baada ya kizazi: mama humsukuma ndama kuelekea panga, yaani mashua ndogo za mashine za wavuvi wa huko, na wageni humgusa mnyama ambaye babu zao walimwita shetani. Wengine huhusisha tabia hiyo na mngurumo wa mashine, wengine na hamu ya kujikuna ngozi yenye chaza. Lililo wazi ni kwamba wavuvi wa San Ignacio walijenga juu yake mfumo wa vibali unaodhibiti idadi ya panga zinazokuwa majini kwa wakati mmoja na muda wa kila moja, na kwamba mfumo huo ulikuwa sehemu ya hoja iliyozuia ujenzi wa kiwanda kikubwa cha chumvi, mradi wa pamoja wa serikali ya Meksiko na kampuni ya Mitsubishi, ambao Rais Ernesto Zedillo aliufuta Machi 2000. Eneo hilo lilikuwa tayari limeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1993.

Nyangumi wa kijivu, hata hivyo, ni mpita njia, na katika maji yaleyale ya California majira ya kuchipua huleta wageni wa aina nyingine kabisa. Upepo wa kaskazini-magharibi unapoanza kuvuma kwa nguvu kuambaa pwani, kuzunguka kwa dunia huyapeleka maji ya juu mbali na nchi kavu, na nafasi yake huchukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka vilindini yakiwa na virutubisho tele. Hali hiyo, ambayo yaweza kuitwa kupanda kwa maji ya vilindi, haitofautiani kimsingi na ile inayotokea pwani ya Somalia wakati wa kusi. Virutubisho vikikutana na mwanga wa siku zinazorefuka, mimea midogo inayoelea huongezeka hadi maji hubadilika rangi, krili na dagaa huongezeka kuufuata mlo huo, na kuanzia Aprili nyangumi wenye nundu, kisha nyangumi wa buluu, hufika kula. Boti moja, asubuhi moja, inaweza basi kukutana na makundi mawili yenye mahitaji tofauti kabisa, moja likipita na tumbo tupu na jingine likiwa limekuja mezani; abiria huyahesabu yote kwa jina moja la nyangumi, na nahodha asiye makini huyakaribia kwa namna moja.

Ghuba ya Monterey inaonyesha jambo hilo kwa ukali wake wote. Chini ya ghuba hiyo kuna korongo la bahari ambalo ncha yake huanzia karibu kabisa na bandari ya Moss Landing na ambalo huteremka hadi kina kinachopita mita 3,000. Mama wa nyangumi wa kijivu, anayeambaa maji mafupi ambamo ndama hufichika na adui huzuiwa na sakafu, hulazimika hapo kuchagua kati ya kuzunguka ghuba yote na kulivuka korongo. Katika wiki za Aprili na Mei orka, ambao ni jamii kubwa ya pomboo wanaowinda mamalia, husubiri hapo. Mashambulizi yao hudumu saa kadhaa: orka humgonga ndama, hujaribu kumtenganisha na mama yake na kumkandamiza chini ya maji ili akose hewa, wakati mama hulala chali na kumpandisha mtoto juu ya tumbo lake, au humsukuma kuelekea maji mafupi. Boti za watazamaji hukusanyika, kwa kuwa ni tukio ambalo watu husafiri nusu ya dunia kuliona. Mtafiti hupata humo picha za mapezi ambazo kwazo orka mmoja mmoja hutambuliwa na kufuatiliwa kwa miaka. Lakini ni vigumu kukanusha kwamba mzunguko wa mashine kumi, kwa mama anayesikiliza sauti ya ndama na ya adui, nao umo ndani ya pambano.

Kanuni ya njaa haiishii kwa nyangumi. Katika fukwe za Año Nuevo na Piedras Blancas huko California, wageni wa Machi na Aprili huwakuta watoto wa sili-tembo, yaani sili wakubwa ambao dume lao lina pua inayoning'inia, wamelala mchangani wakiwa wanene kama mapipa. Unene huo hudanganya. Mama zao, ambao nao hufunga wakati wote wa kunyonyesha, huwaachisha ziwa kwa ghafla baada ya majuma manne hivi na kurudi baharini, na watoto hubaki ufukweni kwa miezi miwili au zaidi wakiishi kwa mafuta hayo huku wakijifunza kuogelea. Wanyama hawa waliwindwa hadi wakabaki chini ya mia moja katika kisiwa cha Guadalupe, na leo wamepita laki moja.

Kwa fisi-maji wa baharini hesabu imegeuka, kwani yeye hana mafuta ya akiba, hutegemea manyoya yake mazito, na hulazimika kula takriban robo ya uzito wake kila siku. Anapoelea chali amejifunga kwenye mwani ili asichukuliwe na maji, anafanya kazi ya kuhifadhi nguvu, na mtumbwi mdogo wa mtalii unaomkurupusha mara tano kwa asubuhi humgharimu chakula ambacho lazima akizamie tena. Pengine hapa ndipo mtalii mpole, asiye na mashine wala kelele, anapoleta madhara zaidi kuliko boti kubwa, kwa kuwa yeye hufika karibu bila kusikika.

Miaka ya 2014 hadi 2016 ilitoa ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu hatari ya kusoma mambo kwa macho. Wimbi kubwa la joto baharini lilitanda katika Pasifiki ya kaskazini-mashariki, na ukanda wa maji baridi yenye chakula ukabanwa ukawa mwembamba kando ya pwani. Nyangumi wenye nundu, wakikosa krili nje, walisogea ndani kufuata dagaa, na watazamaji wa Monterey walipata mandhari ambayo wazee wa kazi hiyo hawakuwahi kuyaona: makundi ya nyangumi wakila kwa pamoja mbele ya gati. Katika ukanda huohuo mwembamba ndimo kamba za mitego ya kaa wa Dungeness zilimokuwa zimesimama kwa maelfu, na idadi ya nyangumi walionaswa ikavunja rekodi zote za pwani hiyo. Matokeo yake ni kwamba California sasa huchelewesha kuanza kwa msimu wa kaa au kuufunga mapema wakati wa kuchipua kulingana na nyangumi wangapi wamehesabiwa, na wavuvi, ambao hawakulileta joto lile, wamebeba sehemu kubwa ya gharama. Malalamiko yao hupuuzwa mno katika maandishi ya uhifadhi, ingawa yana msingi.

Kwa nyangumi wa kijivu, kipimo kikali kilikuja mwaka 2019. Idadi yao, iliyokadiriwa kuwa karibu 27,000 mwaka 2016, ilianza kuporomoka wakati maiti zilipoanza kutupwa ufukweni kutoka Meksiko hadi Alaska, nyingi zikiwa zimekonda. Mamlaka ya bahari na anga ya Marekani, NOAA, ilitangaza tukio la vifo visivyo vya kawaida lililohesabiwa hadi Novemba 2023, likiwa na maiti 690 zilizorekodiwa, na kila maiti iliyorekodiwa inawakilisha nyingine zilizozama bila kuonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulihusisha vifo hivyo, pamoja na vile vya mwishoni mwa miaka ya 1980 na vya 1999 na 2000, na upungufu wa chakula Aktiki na mabadiliko ya barafu inayoamua muda ambao nyangumi wanaweza kufika kwenye malisho.

Ilikuwa katika miaka hiyohiyo ya vifo ambapo watu wa San Francisco walianza kuwaona nyangumi wa kijivu ndani ya ghuba yao, chini ya madaraja na kando ya vivuko, mahali ambapo zamani walipita nje bila kuingia. Kwa aliyekuwa kwenye kivuko ilikuwa bahati; kwa mnyama ilikuwa dalili kwamba hawezi kufika kaskazini bila kutafuta chochote njiani, hata katika maji yenye msongamano wa meli, na kadhaa wao waliuawa kwa kugongwa.

Si kila ugeuzaji wa njia huishia vibaya. Kaskazini zaidi, katika Puget Sound ya jimbo la Washington, kundi dogo la nyangumi wa kijivu wapatao 20 limekuwa likiacha msafara kila mwaka, kuanzia karibu Machi hadi Mei, na kuingia kula kamba wa matope karibu na kisiwa cha Whidbey. Maji yakijaa huingia juu ya tambarare za matope, katika kina ambacho hakiufuniki mwili wote, wakifyonza. Maji yakipwa huondoka, na yeyote anayetembea ufukweni huyaona mashimo waliyoyaacha, kila moja na upana wa beseni kubwa. Taasisi ya utafiti ya Cascadia imewafuatilia kwa picha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vipimo vinaonyesha kwamba huondoka wakiwa wamenona kuliko walivyofika. Katika mji wa Langley kuna kengele ufukweni ambayo aliyewaona huipiga ili wengine watoke kuangalia. Hapo kuonekana na kushiba vimekwenda pamoja, na jambo hilo linatokana na maarifa yaliyorithiwa ndani ya kundi dogo, wala haliwezi kutumika kama kielelezo cha maelfu wanaopita nje.

Sheria zinazoongoza boti hazikutungwa kwa kufikiria tofauti hizi. Mwongozo wa kawaida wa Marekani ni kutomkaribia nyangumi chini ya mita 91, kutomkata njia, na kutoingia kati ya mama na ndama. Kwa nyangumi wa kulia wa Atlantiki ya Kaskazini, ambao wamebaki chini ya 400 na ambao wengi wao hukusanyika Cape Cod Bay wakati wa kuchipua, umbali wa lazima tangu 1997 ni mita 457, na boti za watazamaji za huko zimeendelea kufanya biashara kwa kutazama nyangumi wengine, ithibati kwamba kanuni kali haiui utalii. Kinachokosekana katika pwani ya Pasifiki ni kanuni inayozingatia hali ya mnyama mwenyewe: mita 91 kwa nyangumi wa buluu anayekula hazina maana ileile kwa mama aliyefunga miezi mitano.

Mjadala wa nani mwenye haki juu ya nyangumi hauwezi kuachwa kwa wenye boti na wanasayansi peke yao. Watu wa Makah, wenyeji wa ncha ya kaskazini-magharibi ya Washington, walihifadhi haki ya kuwinda nyangumi katika mkataba wao na Marekani wa mwaka 1855, waliacha wenyewe mnyama alipoadimika, na Mei 1999 waliwinda mmoja katikati ya maandamano makali ya boti za wapinzani. Juni 2024 serikali iliwapa ruhusa ya kuwinda hadi nyangumi 25 katika miaka kumi. Idadi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na mamia waliokufa kwa njaa, na ukali wa upinzani dhidi yake unaonyesha jinsi mtazamaji anavyoweza kulaani kifo kimoja anachokiona na kuyazoea mengi asiyoyaona.

Katika pwani ya Waswahili suala hilihili limekwisha kuingia, kwa mnyama mwingine. Nyangumi wenye nundu wa kusini hupanda kutoka Antaktika na kufika Msumbiji, Tanzania na Kenya kati ya Julai na Oktoba, kuanzia kilele cha kusi hadi demani, kuzaa na kunyonyesha. Na wao, kama wale wa kijivu wa Baja California, wakati huo hawali. Huko Watamu, manahodha wa boti za uvuvi wa michezo wamekuwa wakitoa taarifa za nyangumi kwa watafiti tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na safari za watalii zimezaliwa kutokana na taarifa hizo. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako pomboo waliokuwa wakivuliwa kwa ajili ya chambo waligeuka kivutio katika miaka ya 1990, inatoa onyo la karibu zaidi: watafiti walibaini kwamba pomboo walio mbele ya boti hupunguza muda wa kupumzika na wa kula, na yeyote aliyewahi kuona boti kadhaa zikikimbizana kuwatupa waogeleaji mbele ya kundi moja hahitaji takwimu kulielewa hilo. Mama wa nyangumi anayepumzika Watamu na ndama wa majuma machache ana akiba ndogo zaidi ya kupoteza kuliko pomboo anayekula kila siku.

Tofauti kati ya kuona na kujua inaonekana vyema Piedras Blancas, ambako tangu 1994 watafiti wa NOAA hukaa kila majira ya kuchipua juu ya genge na kuhesabu mama na ndama wanaopita kuelekea kaskazini. Kazi yao ni ya kuchosha: hutazama kwa zamu, huandika upepo, ukungu na umbali wa macho kufika, na huandika pia saa zote ambazo hakuna kilichopita, kwa kuwa bila saa hizo tupu haiwezekani kukadiria waliopita usiku au katika ukungu. Nahodha wa watalii hana sababu ya kuziandika saa za namna hiyo, kwani ndizo anazotaka abiria wazisahau. Mwaka 2024 makadirio ya idadi yote yalipanda hadi karibu 19,000 na habari za ahueni zikaenea; mwaka uliofuata yakashuka hadi karibu 13,000, ya chini kabisa tangu miaka ya 1970, na katika genge la Piedras Blancas, kwa majira yote ya kuchipua ya 2025, ndama waliokadiriwa kupita walikuwa 85 tu.